Kambi ya likizo kwa walimu wa sanaa: kusokota, kusuka, kufuma na kutia rangi

Mwalimu wa sanaa huitwa kwenye semina nyingi za kukaa kwenye kiti: projekta ukutani, chai ya saa nne, posho, kisha anarudi nyumbani na mikono misafi. Mwongozo huu ni wa kambi ya namna nyingine. Ni siku sita za likizo ambazo walimu wanashinda na nyuzi mikononi, kuanzia pamba yenye mbegu hadi kitambaa chenye rangi, na kila jioni wanajiuliza swali moja: hili nitalifundishaje kwenye darasa la wanafunzi 60 lisilo na bajeti?

Swali hilo ndilo linaloamua mambo yote hapa chini: vifaa, mafundi, ratiba, hata aina ya jiko. Mbinu isiyoweza kuingia darasani tutaionja tu, au tutaipita.

Mfano nilioutumia ni pwani ya Tanga na Pangani, kwa kuwa mkonge upo, minazi ipo, mikindu ipo na wasukaji wapo. Mwalimu wa Kilifi, Lamu, Mtwara au Unguja atabadilisha kidogo tu. Aliye bara atategemea zaidi mkonge na pamba kuliko ukindu, na kambi yake itakuwa nzuri vilevile. Huko Marekani jambo hili lina miaka mingi: Penland ya North Carolina ilianza na wafumaji miaka ya 1920, Haystack ya Maine ikafunguliwa 1950, na hadi leo watu wazima, walimu wakiwamo, huenda huko wakati wa kiangazi kujifunza kazi za mikono. Sisi malighafi na mafundi tunao jirani. Anahitajika mtu wa kupanga, na pengine mtu huyo ni wewe unayesoma.

Tarehe na mahali

Kwa Tanzania, chagua likizo ya Juni. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, kusi inavuma, na kitambaa ulichokianika asubuhi unakianua mchana. Kusimama karibu na sufuria la rangi saa mbili mfululizo mwezi Desemba ni adhabu, na mvua za vuli zinaweza zisiwe zimemalizika. Kenya, likizo ya Agosti inafaa.

Tafuta shule ya bweni iliyofunga. Ina mabweni, jiko la kuni la nje, uwanja wa kuanikia na mpishi anayejua kulisha watu wengi. Kabla ya kulipa, nenda ukaangalie maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi na madini yaliyomo hubadilisha rangi za mimea. Jaribio lake ni rahisi: chemsha maganda ya vitunguu katika kikombe cha maji ya kisima, na kiasi kilekile katika kikombe cha maji ya mvua au ya bomba, halafu chovya kipande cha kitambaa katika kila kimoja. Tofauti utaiona kwa macho. Ikiwa ni kubwa, jaza mapipa ya maji ya bomba kwa ajili ya rangi, na ya kisima yabaki ya kuoshea vyombo.

Walimu 16 wanatosha. Wakizidi 20, msukaji hawezi kumfikia kila mmoja na kumshika vidole, na ususi haujifunzwi kwa kutazama kutoka mstari wa nyuma.

Mafundi kabla ya bajeti

Waandaaji wengi hupanga kila kitu, kisha wiki ya mwisho wanatafuta "mama wa mikeka" wa kuja kuonyesha. Fanya kinyume. Miezi miwili kabla, nenda kijijini ukaamkie, ukae kwenye baraza, uone kazi yao. Eleza kwamba wageni ni walimu na kwamba watapeleka ujuzi huo kwa watoto. Uliza wao wangependa kuanza na nini, maana wanajua kinachomshinda mtu mgeni. Patana siku, saa na malipo, na muwekeane maandishi hata kama ni karatasi moja.

Kuhusu malipo nina msimamo: fundi wa ukili (ule mkanda wa ukindu uliosukwa) alipwe kwa siku sawasawa na mwezeshaji anayetoka chuo kikuu. Ujuzi wake umechukua miaka mingi zaidi. Ukindu atakaokuja nao ulipwe kando, usimezwe ndani ya posho. Nauli ilipwe asubuhi anapofika, isisubiri mwisho wa kambi. Na kama walimu watapiga picha au video za mikono yake na michoro yake, aombwe ruhusa kwanza na aambiwe zitakwenda wapi.

Unahitaji wasukaji wawili, fundi mmoja wa batiki, na mtu mmoja anayejua kusokota kamba za mkonge. Ratiba izingatie saa za swala na siku ya Ijumaa. Ukianza kambi Jumatatu, Ijumaa iwe siku ya batiki, ili nta ipoe na vitambaa vikauke wakati watu wako msikitini.

Vifaa vya walimu 16

Nunua mita 50 za marekani, ile pamba nyepesi isiyopaushwa ambayo mafundi cherehani huitumia kwa bitana. Kitambaa hicho kililetwa Zanzibar kwa wingi karne ya 19 na meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Leo bado ni kitambaa cha bei nafuu kinachoshika rangi vizuri. Hakikisha ni pamba tupu: chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini; ukikuta kidonge kigumu cheusi, kuna poliesta ndani na rangi ya mimea haitakamata.

Pamba yenye mbegu, kilo mbili, agiza kutoka Shinyanga au Simiyu, kwani sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Ziwa na magharibi. Singa za mkonge zilizopigwa brashi, kilo 10, zinapatikana Tanga kwenyewe. Ukindu uliokaushwa, mafundi watakuambia mafungu mangapi.

Kwa rangi: shabu (chumvi ya kushikisha rangi) kilo moja na nusu, magadi, manjano ya unga, mbegu za mzingefuri, maganda ya komamanga, misumari yenye kutu, siki. Maganda ya vitunguu hayanunuliwi. Mwezi mmoja kabla, zungukia mama ntilie na wauza chipsi, waachie kila mmoja mfuko, kisha upite kila wiki. Utashangaa yanavyojaa haraka.

Masufuria ya rangi yawe ya rangi milele, na yaandikwe kwa rangi ya mafuta ubavuni. Lisichukuliwe hata moja kurudi kupikia wali. Ongeza glavu, mizani ya jikoni, maboksi ya katoni, mkasi mmoja kwa kila watu wawili, kamba ndefu za kuanikia na fulana za mitumba zilizochakaa.

Usichapishe fulana za kambi wala bango. Pesa hiyo ni siku mbili za fundi.

Jumatatu: kusokota, na kitambaa kuanza safari yake

Asubuhi kila mwalimu anapewa konzi ya pamba yenye mbegu na kigae cha chungu kilichovunjika. Mbegu zinatolewa kwa vidole, taratibu, pamba ikivutwavutwa hadi iwe laini na nyepesi. Kigae kinasuguliwa kwenye sakafu ya saruji hadi kiwe duara la sentimita nne au tano, kisha kinatobolewa katikati kwa ncha ya msumari unaozungushwa bila haraka. Kazi ya kutoboa huchukua muda, na wapo watakaovunja kigae mara mbili tatu. Uwe na akiba. Mwishoni kijiti cha sentimita 30 kinapita kwenye tundu, na pia ya kusokotea imepatikana.

Vigae vya namna hiyo hiyo wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta kwa wingi Kilwa Kisiwani na Shanga, kisiwani Pate, vya miaka ya kabla ya Wareno kufika pwani hii. Waambie walimu habari hiyo wakiwa na vumbi la kigae mikononi, wasiisikie kwenye hotuba ya ufunguzi. Ikifika darasani itakuwa somo la historia na la sanaa kwa pamoja.

Nyuzi za pamba ni fupi. Mwanafunzi mpya akiiachia pia ining'inie hewani, uzi unakatika kila mara na anakata tamaa. Kalisha ncha ya kijiti ndani ya kifuu, zungusha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto uvute pamba polepole kuelekea juu. Uzi ukikatika, laza pamba mpya juu ya ule wa zamani kwa urefu wa kidole na uendelee kuzungusha. Saa mbili za kwanza uzi utakuwa mnene hapa na mwembamba pale. Uhifadhini hivyo hivyo, utaingia kwenye daftari la vipande.

Jioni anza kazi ya rangi, maana inahitaji siku nne ingawa watu wengi hudhani ni ya siku moja. Pima kitambaa kikavu kwenye mizani na uandike uzito. Vipimo vyote vinavyofuata vinautegemea. Kichemshe kwa moto mdogo saa nzima katika maji mengi yenye sabuni kidogo na magadi gramu 20 kwa kila kilo ya kitambaa. Maji yatageuka rangi ya chai. Hayo ni mafuta na wanga wa kiwandani, na yasipotoka rangi itakaa kwa mabaka. Suuza, kisha chemsha maganda ya komamanga, chuja, uchovye kitambaa humo kilale usiku kucha. Komamanga likikosekana, majani ya mpera yanafanya kazi hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni ule ukali unaokausha ulimi, kwa kuwa ndio unaoisaidia pamba kushikana na shabu.

Jumanne: mkonge

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, na hiyo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana nayo nchi ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwalimu anayefundisha Tanga ana kisa kizima cha dunia nje ya dirisha lake.

Paruza jani moja kwa mkono ili watu waelewe. Lilaze juu ya ubao, likwangue kwa kisu butu kutoka katikati kwenda nje mpaka nyama ya kijani itoke na singa nyeupe zibaki. Vaa glavu, kwani utomvu unawasha vibaya. Jani zima linatoa singa chache mno, kama asilimia 4 ya uzito wake, na walimu wataelewa wenyewe kwa nini mashamba yana mashine za kuparuza mkonge, ziitwazo korona. Baada ya hapo tumieni singa zilizo tayari.

Kamba ya nyuzi mbili ndiyo mbinu inayoingia darasani kwa urahisi kuliko zote za kambi nzima. Chukua singa 10 hivi, zikunje katikati ili upate ncha mbili. Sokota kila ncha kwa kuiviringisha kwenye paja kuelekea gotini, kama wafanyavyo akina mama wa Ukambani wanaposuka vyondo. Kisha ziache zikutane na uziviringishe pamoja kurudi nyuma. Msokoto wa kwanza unataka kufunguka upande mmoja, wa pili unataka kufunguka upande wa pili, zinakabana, na kamba haifunguki tena.

Msiliache jambo hilo kwenye maneno. Fungeni ndoo kwenye singa 10 ambazo hazijasokotwa na kwenye kamba iliyosokotwa kwa singa 10 zilezile, muongeze mchanga kikombe kwa kikombe mpaka kimoja kikatike. Watoto wa darasa la nne watapiga kelele, na watakumbuka.

Jioni kitambaa kinatolewa kwenye komamanga, kinakamuliwa, kinasuuzwa mara moja, kinaingia kwenye maji ya shabu: gramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya kitambaa, zikiwa zimeyeyushwa kwanza kwa maji ya moto. Kibaki humo hadi Jumatano jioni.

Jumatano: ukili, na fundi ndiye mwalimu

Siku hii mwandaaji anakaa chini kwenye jamvi kama wengine na kunyamaza. Walimu ni watu wa kuuliza maswali, wengi wanataka hesabu na kanuni kabla ya kushika kitu. Msukaji wa pwani hafundishi hivyo. Ataanza ukili, asuke urefu wa kiganja, akukabidhi, akuache ukosee, aufumue, akukabidhi tena. Mpe nafasi.

Kabla ya kuanza, ukindu unachanwa kuwa chane za upana sawa. Hapo ndipo kazi nzuri inapoanzia, na wageni hupaharakisha. Chane moja ikiwa nene, ukili mzima unapinda. Chane zinanyunyiziwa maji na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Zikikauka zinavunjika kwenye mkunjo, zikilowa kupita kiasi zitasinyaa baadaye na kuacha mianya.

Mgeni aanze na chane chache, tano au saba, mtindo wa juu ya moja, chini ya moja. Kila chane inayofika ukingoni inakunjwa na kurudi ndani kwa mshazari. Ukitazama kwa karibu utaona ukingo ndio unaoonyesha mkono wa fundi: wa mwanafunzi una mawimbi, wa fundi umenyooka kama uliokatwa kwa rula. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachofanya kazi hiyo, kinakandamiza kila mkunjo kabla mwingine haujaja. Mwambie kila mwalimu akiangalie kidole hicho kwa dakika tano nzima, asitazame kitu kingine. Chane ikikaribia kwisha, mpya inachomekwa juu yake zikatembea pamoja hatua mbili tatu. Masalio hukatwa mwishoni.

Mchana ukili unashonwa. Kwa mkeka, ukili mmoja mrefu unazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane upana. Siku moja haitoshi mkeka, msijidanganye. Kifuniko kidogo cha kikombe au mkoba wa simu unatosha, na mtu atakayemaliza nusu yake amefanya kazi.

Kwa darasani, ukindu wa watoto 60 ni gharama na ni mzigo kwa mikindu ya kijiji. Tumieni majani mabichi ya mnazi, ambayo ni bure karibu kila mahali pwani na hayahitaji kuloweshwa. Yatakauka na kubadilika rangi, lakini vidole vya mtoto vitakuwa vimejifunza. Bara, maganda makavu ya mgomba yaliyochanwa hufaa.

Nikipata nafasi ya kuongeza siku ya saba, ningeipeleka kwenye makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi. Akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja huyafukia ufukweni kwa miezi, maji ya bahari yanaozesha nyama na kuacha usumba, ambao husokotwa kamba. Hakuna somo bora la subira kwa mwalimu wa sanaa.

Alhamisi: rangi za mimea

Kitambaa kiko tayari, kimeshika shabu. Kikate vipande vya sentimita 20 kwa 20, kila mwalimu apate vipande 12 na kipande kikubwa kimoja cha kazi yake. Kila kipande kitiwe alama ya mafundo ya uzi pembeni, kwa sababu wino utatoka ndani ya sufuria na baada ya saa moja hakuna atakayejua kipi ni kipi.

Anza na vitunguu. Uzito wa maganda makavu uwe sawa na wa kitambaa. Chemsha kwa dakika 45, chuja, tia kitambaa kilicholowa, kiache kwenye moto mdogo saa nzima, kisha uepue na kiache kipoe humo humo. Itatoka dhahabu ya kuiva ambayo watu hawaamini imetoka jalalani. Usichanganye maganda mekundu na ya kahawia kwenye sufuria moja kama una ya kutosha. Fanya mawili, ulinganishe.

Mzingefuri unataka magadi. Ponda mbegu, ziloweke kwenye maji moto yenye kijiko cha magadi, na rangi ya chungwa itaachia. Manjano hayahitaji hata shabu, yanakamata papo hapo, ila jua huyafifisha upesi. Msiyatupe kwa sababu hiyo. Yafanyeni somo: funika nusu ya kipande kwa kadi, kiwekeni dirishani wiki moja, mfunue. Tena, kipande kilichotiwa manjano ukikidondoshea maji ya magadi kinageuka chekundu, ukikidondoshea ndimu kinarudi. Mwalimu wa sayansi atataka kuja kwenye kipindi chako.

Magome ya mkandaa na mikoko mingine hutoa hudhurungi nyekundu inayodumu, na pwani yetu imeyatumia kwa muda mrefu. Lakini mikoko ya Tanzania inalindwa kisheria, na kubandua gome kwenye mti ulio hai ni kuuua. Tumia tu magome yaliyobaki kwenye boriti zilizokatwa kwa kibali. Yasipopatikana, achaneni nayo.

Sasa kutu. Wiki mbili kabla ya kambi, misumari ilitiwa kwenye chupa yenye siki na maji, na maji yamekuwa ya rangi ya chungwa iliyochafuka. Mimina kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji, chovya kipande cha dhahabu ya vitunguu kwa dakika moja, ukitoe. Kitakuwa kijani cha zeituni mbele ya macho ya watu. Kipande cha komamanga kitupu kitakuwa kijivu hadi cheusi. Msiongeze kutu kwa tamaa ya weusi, kwani chuma kingi hula nyuzi na kitambaa kitachanika baada ya muda.

Kwa sufuria tatu na kutu tu, kila mwalimu anapata vivuli karibu 10 tofauti. Naona hiyo ni bora kuliko kukimbiza mimea 20. Nili, mmea wa rangi ya buluu, niliiacha kwa makusudi: kuivundika kunahitaji uangalizi wa siku nyingi. Na asitokee mtu wa kujaribu maganda ya korosho, mafuta yake huunguza ngozi.

Maji ya rangi yakipoa yamwagwe kwenye udongo mbali na kisima, si kwenye mtaro unaoelekea baharini.

Ijumaa: batiki, kwa tahadhari

Nusu nta ya nyuki, nusu mishumaa. Nta ya nyuki hushika kitambaa, ya mishumaa hupasuka na kuacha ile mistari myembamba inayopendwa. Iyeyusheni ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria la maji, kamwe isiwe juu ya moto wenyewe. Ikishika moto, ifunikeni kwa kifuniko au mchanga, maji yatailipua. Brashi, sponji na mihuri iliyochongwa kwenye viazi vinatosha kuchorea.

Rangi za batiki za dukani huchanganywa na kostiki na haidrosulfaiti. Kostiki huunguza, na mvuke wa ile nyingine si wa kuvutwa. Katika kambi achanganye fundi peke yake, mahali penye upepo, akiwa na glavu na miwani, na walimu wachovye tu wakiwa na glavu. Shule ya msingi msizipeleke kabisa. Watoto wachore kwa uji mzito wa unga wa ngano badala ya nta, ukauke juani, kisha wapake rangi za maji ya manjano au vitunguu kwa brashi. Au wafunge kitambaa kwa mawe na nyuzi kabla ya kukichovya. Matokeo yake ni mazuri na hakuna anayeungua.

Mchana, baada ya swala ya Ijumaa, kila mwalimu achore kanga yake kwenye karatasi: pindo, mji na jina. Jina alitunge mwenyewe. Kipande hiki huwapa walimu wa Kiswahili mlango wa kuingia, na usiku kitajadiliwa hadi taa zizimwe.

Jumamosi: kitanda cha mfumi cha katoni

Kata katoni sentimita 25 kwa 30. Juu na chini toa vipasuo kila baada ya sentimita moja, pitisha uzi wa mtande, ule wa kutoka juu hadi chini. Mshindio, yaani unaopita kwa upana, ni vipande vya kanga kuukuu au fulana ya mitumba iliyokatwa kwa mzunguko ikawa utepe mrefu mmoja. Juu, chini, juu, chini, na kurudi. Kosa la kila mtu ni kuvuta kingo zikaingia ndani hadi kitambaa kinakuwa na kiuno. Dawa yake: kila mstari uuache upinde kama kilima kidogo kabla ya kuukandamiza kwa kitana.

Kazi hii haihitaji maelezo zaidi. Asubuhi moja inatosha, na mchana ni wa kuandika masomo.

Daftari la vipande, kila jioni

Saa moja kila jioni, bila kukosa, kila mwalimu abandike kipande cha siku na kuandika pembeni: nyuzi gani, uzito gani, muda gani, maji yapi, kiliharibika wapi. Chini yake aandike mambo matatu: gharama kwa mwanafunzi mmoja, kinachoweza kuokotwa bure karibu na shule yake, na namna ya kukigawa katika vipindi vya dakika 40. Kusokota kamba ni kipindi kimoja. Kufuma katoni ni vinne. Rangi ya vitunguu ni viwili, mradi kitambaa kimeandaliwa na mwalimu kabla.

Jioni moja au mbili zungumzieni majirani. Gome la mti wa mutuba la Baganda wa Uganda, linalogongwa kwa nyundo za mbao hadi likawa nguo, liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Wakuba wa Kasai, Kongo, hufuma majani ya mrafia na kuyatarizi kwa michoro ambayo kila mwalimu wa maumbo angetamani kuionyesha. Yatosha kupitisha picha kubwa mkono kwa mkono.

Baada ya kambi

Kabla ya kuondoka, kila mwalimu achague somo moja tu na ataje wiki atakayolifundisha, ndani ya mwezi wa kwanza wa muhula. Tumeni picha za kazi za wanafunzi kwenye kundi la WhatsApp. Picha za nyuso zao zisubiri ruhusa ya wazazi. Salio la shabu na singa ligawanywe kwa mizani, kila mtu arudi na mfuko wake.

Mwalimu anayetaka kumwalika msukaji shuleni kwake amwone mkuu wa shule mapema, malipo ya fundi yaingie kwenye makadirio ya muhula ujao. Namba za simu za mafundi wapewe walimu kwa idhini ya mafundi wenyewe, na oda za mikeka na vikapu ziende kwao moja kwa moja, bila mwandaaji kukaa katikati.